Bangi, Masomo na Kazi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kijana akijulikana kuwa anavuta bangi, maswali ya kwanza ya wakubwa huwa ni ya malezi na marafiki. Ni nadra mtu kuuliza siku yake inapitaje: kama ana kipindi asubuhi, kama zamu yake huisha usiku wa manane, kama kuna mahali popote anapotarajiwa kesho. Maswali hayo yangetufikisha mbali zaidi, kwa sababu ratiba ya masomo na kazi ina mkono mkubwa katika kuamua lini bangi inavutwa na kwa kiasi gani.

Dhana: Vyuo ndivyo vinavyowaharibu vijana

Ukweli: Wapo wanaovuta kwa mara ya kwanza wakiwa hosteli, mbali na macho ya nyumbani. Lakini nchini Marekani, ambako utafiti wa Monitoring the Future umefuatilia vijana tangu mwaka 1975, matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanaovuta kila siku au karibu kila siku walikuwa asilimia 4.4 ya wanafunzi wa vyuo, ilhali miongoni mwa vijana wa rika hilohilo wasiosoma chuo walikuwa asilimia 13.2. Takwimu hizo hazimaanishi kwamba chuo ni kinga, maana anayevuta sana tangu sekondari ana nafasi ndogo ya kufika huko. Zinachoonyesha ni kwamba uvutaji wa kila siku umejaa zaidi nje ya lango la chuo.

Kwa Tanzania, jambo hilo linanifanya niwaze kuhusu miezi inayofuata mahafali. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limekatika, maombi ya kazi hayajibiwi, na kijana aliyezoea vipindi na makundi ya majadiliano anajikuta hana saa ya kuamka. Anashinda geto kwa rafiki ambaye naye hana pa kwenda. Elimu ya dawa za kulevya inayotolewa vyuoni ni muhimu, lakini inamwacha mtu mlangoni pale hasa anapoanza kuihitaji.

Dhana: Bangi inasaidia kusoma

Ukweli: Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu wanaoiamini mara nyingi ni wanafunzi wenye bidii. Ni saa saba usiku, mwanafunzi ana UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, kesho kutwa, na mwenzake anamwambia kwamba msokoto mmoja utamtuliza aweze kukesha na madaftari. Akivuta, anahisi kweli kwamba maandishi yanamwingia na kila aya ina maana nzito. Kumbe kemikali ya bangi iitwayo THC inavuruga utendaji wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi, kwa hiyo alichokisoma kwa furaha usiku hakipatikani akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Umakini na uwezo wa kufuata hesabu ya hatua nyingi hupungua pia.

Mji wa Maastricht, nchini Uholanzi, ulitoa ushahidi wa nadra juu ya jambo hili. Mwezi Oktoba 2011 maduka yanayouza bangi mjini humo yalianza kuwazuia wageni isipokuwa raia wa Ujerumani na Ubelgiji, na hivyo wanafunzi wa chuo kilekile, darasa lilelile, wakagawanyika kwa uraia tu. Wachumi Olivier Marie na Ulf Zölitz walilinganisha matokeo yao na kukuta kwamba waliozuiwa walifaulu vizuri zaidi kuliko awali, hasa kwenye masomo yanayohitaji hesabu. Hakuna aliyebadilisha malezi yao wala kuwapa mahubiri. Kilichobadilika ni urahisi wa kuipata.

Upande wa pili wa uhusiano huo nao ni wa kweli. Mwanafunzi aliyepata sapu tatu (mitihani ya kurudia) na anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hutafuta cha kumtuliza, na kinachomtuliza kinampunguzia uwezo wa kuzifuta sapu hizo.

Dhana: Wavutaji ni wavivu wasio na kazi

Ukweli: Huko Colorado, Marekani, takwimu za mwaka 2014 na 2015 zilionyesha kwamba asilimia 14.6 ya wafanyakazi walikuwa wanatumia bangi, na kwa wafanyakazi wa hoteli na migahawa kiwango kilifika asilimia 30.1. Bangi ni halali kwa watu wazima jimboni humo, kwa hiyo tusizihamishie takwimu hizo kwetu, ambako imepigwa marufuku. Hali ya kazi yenyewe, hata hivyo, tunaijua. Mpishi kijana anamaliza zamu saa nane usiku akiwa amesimama tangu mchana, daladala hakuna, mwili umechoka na akili bado inakimbia. Wenzake wanaokaa nyuma ya jiko wakisubiri kupambazuke ndio wanaompa msokoto, na haohao ndio atakaokuwa nao kesho.

Dhana: Inaleta usingizi, kwa hiyo ni dawa ya uchovu

Ukweli: Mwanzoni husaidia mtu kusinzia haraka. Baada ya wiki kadhaa za matumizi ya kila siku mwili huzoea, kipimo kinapanda, na akiacha, usingizi unakuwa mbaya kuliko alivyoanza, pamoja na ndoto nzito na hasira za karibu. Wengi huchukua dalili hizo kuwa uthibitisho kwamba wanaihitaji.

Dhana: Nikivuta wikendi, Jumatatu niko safi

Ukweli: Ulevi wake huisha baada ya saa chache, lakini mabaki hubaki kwenye mkojo kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kuonekana hata baada ya mwezi. Waajiri wanaopima, hasa migodini, hawaulizi ulivuta lini.

Dhana: Kuacha kunahitaji dawa au kufungiwa

Ukweli: Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa uraibu wa bangi, methadoni inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 ni kwa waraibu wa heroini. Kinachosaidia ni ushauri nasaha. Dalili za kuacha huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hukaza katika wiki ya kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kutulia. Kwa sababu hiyo ni bora mwanafunzi aanze mwanzoni mwa muhula kuliko wiki ya UE, na mfanyakazi aombe zamu ya mchana kwa majuma hayo mawili.