Kwa nini kuna mchanga wa kweli ndani ya mchoro wa Monet?

Katika mchoro wa Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, unaoonyesha ufukwe wa Trouville, kaskazini mwa Ufaransa, na ulioko katika makumbusho ya National Gallery jijini London, kuna chembe za mchanga na vipande vidogo vya makombe ya baharini vilivyogandia kwenye rangi. Hakuvitia makusudi. Upepo wa bahari ulivirusha juu ya rangi ya mafuta iliyokuwa bado mbichi, na ilipokauka vikanasa humo.

Maana yake ni kwamba Monet alichora akiwa palepale ufukweni. Wachoraji wengi wa zama zile walitoka nje kuchora vielelezo vya haraka tu, kisha wakaenda kumalizia kazi ndani. Yeye alikuwa na turubai dogo, takriban sentimita 38 kwa 46, na rangi zilikuwa zikiuzwa katika tyubu za bati tangu miaka ya 1840, hivyo zana zote zilibebeka. Tabia ya kuchorea nje alizoeshwa tangu ujanani na Eugène Boudin, mchoraji wa pwani hiyohiyo ya Normandy.

Huo ulikuwa msimu wa kiangazi wa 1870, na Monet alikuwa ametoka kumwoa Camille Doncieux mwezi Juni. Trouville ilikuwa imejaa matajiri wa Paris, waliorahisishiwa safari na reli iliyofika huko mwaka 1863. Lakini usidhani walikwenda kuota jua! Ngozi iliyoungua ilikuwa alama ya mtu wa kazi za sulubu. Ndiyo maana wanawake wawili wa mchoroni wamejifunika magauni marefu, kofia na miavuli. Wa kushoto, mwenye gauni jeupe, huaminika kuwa ni Camille. Wa kulia, mwenye nguo nyeusi, pengine ni mke wa Boudin. Katikati yao kuna kiti kitupu.

Boudin alizoea kuwachora matajiri hao kwa mbali, wakiwa kundi. Monet amewasogelea mno, na kwangu mimi hapo ndipo alipomzidi mwalimu wake: unahisi umeketi nao. Wala yeye hakuwa tajiri. Alikuwa na madeni, na hoteli kubwa ya Roches Noires, aliyoichora mwaka huohuo, aliichora akiwa nje yake tu, si kama mgeni wa humo.

Julai 19 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Prussia, dola ya Wajerumani wakati ule. Mchoroni huioni hata dalili yake, ila kufikia vuli Monet alikuwa ameshakimbilia London.