Gilasi ya viluwiluwi, na namna ya kuwafanya watu wasikilize

Mara ya kwanza nilipotumwa kuzungumza na watu hapa Lamu kuhusu mbu nilikuja na slaidi arubaini na mbili. Projekta ikagoma, ikabembelezwa, ikawaka, nikaanza na historia ya kirusi cha chikungunya, homa ya maumivu ya viungo inayoenezwa na mbu, na jina la kitaalamu la mbu mwenyewe, Aedes aegypti, nikalitamka vizuri nikajiona mtu. Kufika slaidi ya tisa nikasikia mkoromo. Mzee mmoja kaegemea ukuta mdomo wazi, na wenzake wanamwangalia yeye kwa hamu kuliko walivokuwa wananiangalia mimi.

Kazi yangu ni elimu ya afya, nimeifanya miaka sasa, na mara nyingi walimu na wenzangu wa idara huniuliza we wafanyaje hadi watu wakakaa mpaka mwisho. Jibu lenyewe fupi, niliacha slaidi nikabeba gilasi.

Ni gilasi ya chai tu. Kabla ya kikao napita nyumba ya jirani, naomba ruhusa, nachota maji kwenye mtungi au pipa la uani, nikifika barazani sisemi kitu, nampa wa kwanza atazame ampe mwenzake. Ndani mna vidude kama vipande vya uzi, vinajikunja vinajikunjua, vinapanda juu kuvuta hewa, ukiitikisa gilasi vyote vinazama. Nangoja. Kungoja ndo kugumu, ulimi unawasha, lakini ukivumilia lazima mtu ataongea. Siku moja alikuwa bibi mmoja wa Mkomani, akaisogeza gilasi karibu na macho akasema, "Mwanangu, hawa twawayua, wamo mtungini." Nikamuuliza, wakikua wanakwenda wapi, bibi? Kimya. Akina mama wakaangaliana, halafu mmoja akacheka akasema si ndo hawa mbu wanaotuuma.

Amesema yeye, sikusema mimi, na pale ndo nikaweza kuingiza yangu maana swali lishakuwa la kwao. Mbu huyu hana haja na mtaro mchafu, anapenda maji masafi tuliyoyahifadhi wenyewe, na anauma mchana. Kwa joto letu hili, tangu yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Mayai anayabandika ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi na yakilowa yanaangua, kwa hiyo kumwaga maji peke yake haitoshi, pipa lazima lisuguliwe. Bas. Zamani nilikuwa nasema mambo ishirini na hakuna aliyeondoka na hata moja.

Tarakimu nazo zina shida yake. 2004 kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji ndani muda mrefu, chikungunya ikaingia mjini, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ukakadiria kwamba asilimia 75 ya watu wa Lamu waliambukizwa. Ukiisema hivo watu wanatikisa kichwa tu kwa adabu. Siku hizi nawaambia wakae wannewanne, kisha katika kila kundi watatu wasimame. Wanaangaliana, yule mmoja aliyebaki chini anaanza kujitetea, kelele, vicheko, na hapo mtu anakumbuka mama yake alivyoshindwa kusimama kwenye mswala mwezi mzima. Ndipo nawaambia jina lenyewe ni la Kimakonde, ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika 1952, na maana yake ni kile kinachompinda mtu. Jina likija baada ya mama mwenye mgongo uliopinda halisahauliki, likija kabla yake ni neno gumu tu.

Kuna wanaofundisha kwamba uanze na kichekesho. Mi sikubali, kichekesho kikidoda umekwisha. Bibi zetu wakisema paukwa hawakuendelea mpaka watoto waitike pakawa, kitendawili hakitegwi mpaka mtu aseme tega, yani msikilizaji anafanya kazi kabla hata hadithi haijaanza, na hakuna aliyewapeleka semina.

Ukiwapa watu nafasi ya kusema lakini ujiandae, watakwenda mbali. Nishapelekwa mpaka bei ya nauli ya boti na punda wa jirani anayelia usiku. Muache asogee kidogo kisha mrudishe kwa gilasi. Mara nyingine huko mbali ndiko kwenye mali: yule mzee aliyekoroma, kikao kingine akaja, akasema kwani nyie hamjui birika za nyumba za kale, yale matangi ya maji ya kujengea? Akaeleza kwamba chini ya birika walizamisha bakuli la kauri na humo wakafuga visamaki vya kula viluwiluwi, hata maji yakipungua samaki wanabaki salama bakulini. Alisema robo saa, hakuna aliyelala. Tangu hapo kila mahali natafuta mzee wangu kabla sijafungua mdomo.

Kwenye kuandika mambo hayohayo, ila huna uso wa kutazama. Makala zetu nyingi zinaanza "magonjwa yaenezwayo na wadudu ni changamoto kubwa katika ukanda wa pwani" na msomaji, ambaye yuko Mokowe anangoja boti na simu ina chaji kidogo, ashapita. Mi naanza: funua mtungi wako sasa hivi, umulike kwa tochi ya simu. Kisha namsomea mtu wa nyumbani kwa sauti, pale anapoanza kuchezea simu yake naweka alama, nikirudi nafuta, hata kama ndo sentensi niliyoipenda. Inauma.

Na gilasi ukimaliza usiimwage mtaroni wala usirudishe mtungini, mwaga kwenye mchanga mkavu juani, halafu ioshe mwenyewe kabla chai haijaletwa, maana kuna siku mi nilisahau.