Majiko 1,200 yamegawiwa. Kuni zimepungua kilo ngapi?

Ripoti nyingi za majiko banifu, yaani yaliyoundwa kutumia kuni kidogo, zinaanza na mgao: majiko 1,200 yamefika kata kadhaa za Uyui au Sikonge, mkoani Tabora. Mwandishi anachukua akiba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, tuseme asilimia 50, anaizidisha na kuni anazodhani kaya inachoma kwa mwaka, anapata tani. Kuzidisha kwenyewe kuko sawa. Tatizo ni kwamba ile asilimia 50 ilipatikana kwa kuchemsha lita 5 za maji maabara, na Tabora hakuna anayekula maji ya moto. Watu wanasonga ugali, wanainjika maharage asubuhi yakaiva mchana, wanachemsha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa). Kila chakula kina moto wake, na jiko linalong'ara kwa maji laweza kumshinda mama anayesonga ugali wa watu tisa kwa sababu sufuria inayumba.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo hilo linahesabu watu wanaotumia. Kwa hiyo swali la tathmini ni nani anatumia nini, kwa kiasi gani, na kimeondoa nini. Hapa naeleza ninavyopendekeza lijibiwe, nikianza na kuni, maana vijijini huko ndiko kwenye uzito.

Vifaa ni vichache: mzani wa kidijitali wa kuning'inia unaobeba kilo 50 na kusoma angalau gramu 100, kamba, chaki, kipima unyevu cha pini mbili, na daftari. Siku ya kwanza mwombe mwenye jiko atenge kuni anazoona zitamtosha siku tatu na ziada kidogo. Pima mzigo wote, utie alama, mkubaliane kwamba kwa siku hizo anapika kwa kuni za mzigo huo tu. Rudi kila siku saa ile ile upime zilizobaki. Akiongeza kuni nyingine, zipimwe kwanza. Siku tatu za matumizi zinahitaji ziara nne, na hapo ndipo bajeti nyingi hukata kona: wanakwenda mara mbili, ya kwanza na ya mwisho, kisha hawajui kuni zilizopotea katikati zilikwenda wapi. Mara nyingi zimeazimwa na jirani, zimepelekwa kwenye pipa la pombe, au zimechemsha maji ya kuoga ya nyumba ya pili. Epuka siku ya gulio, sikukuu na msiba.

Kila ziara uliza waliokula, mlo kwa mlo. Walaji wa kaya hawahesabiwi kwa vichwa sawa. Vipimo vinavyotumika kimataifa humhesabu mwanamume wa miaka 15 hadi 59 kuwa 1, mwanamke aliyevuka miaka 14 kuwa 0.8, mwanamume aliyevuka 59 kuwa 0.8, na mtoto wa hadi miaka 14 kuwa 0.5. Chukua nyumba ya baba, mama, bibi na watoto wanne: 1 + 0.8 + 0.8 + 2 = 4.6. Kama wamechoma kilo 27.6 kwa siku tatu, ni kilo 9.2 kwa siku, sawa na kilo 2 kwa mtu mzima mmoja. Usipofanya hivyo, watoto wawili wakienda bweni utasema jiko limeokoa kuni.

Namna ya kuuliza nayo ni kipimo. Ukimuuliza bibi "Unatumia lile jiko jipya?" atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, maana umefika kwake na gari la mradi. Bora: "Shikamoo bibi. Jana jioni mlipika nini? Maharage yaliwekwa wapi?" Halafu tazama mafiga. Majivu yenye joto saa tatu asubuhi hayahitaji dodoso.

Sasa unyevu, ambao kwa maoni yangu umeharibu tathmini nyingi kuliko uongo wa watu. Kilo moja ya kuni yenye maji asilimia 10 ya uzito wake inatoa joto la takriban megajuli 16. Ikiwa na maji asilimia 30 inatoa kama 12, yaani robo ya joto imepotea: sehemu kubwa kwa sababu kuni kavu ndani ya kilo hiyo ni chache, na kidogo kwa kuyageuza maji hayo mvuke. Kuni za Septemba na kuni za Februari si bidhaa moja, hata zikiwa za mti mmoja. Ukipima "kabla ya jiko" wakati wa masika na "baada ya jiko" kiangazi, utaona akiba nzuri iliyoletwa na jua. Choma pini kwenye vipande vitatu vya kila mzigo, sehemu tatu kila kipande, na ukiweza kipasue kwanza, kwa sababu ganda hukauka mapema kuliko kiini. Halafu angalia kifaa kinasoma kwa msingi gani. Vingi vinalinganisha maji na kuni kavu, si na uzito wote: kikionyesha 25, maji ni 25 kwa kila 100 za kuni kavu, yaani 25 katika 125, asilimia 20 ya uzito ulioning'iniza kwenye mzani. Kuchanganya hizo mbili ni kosa la dakika moja linaloharibu jedwali zima.

Hata ukiwa makini hivyo, mambo yatabadilika kati ya ziara ya kwanza na ya pili: mvua, bei, mavuno, na ukweli kwamba mtu anayepimiwa kuni hubana kuni. Dawa yake ni kundi la kulinganishia, na mradi wenye mgao wa awamu tayari unalo bila gharama: vitongoji vinavyosubiri awamu ya pili. Vipime wiki zile zile, kwa mzani ule ule. Tuseme waliopewa majiko wameshuka kutoka kilo 9.2 kwa siku hadi 6.4, na wanaosubiri wameshuka kutoka 9.0 hadi 8.1 bila kupewa chochote. Waliopewa wamepungukiwa kilo 2.8, lakini 0.9 kati ya hizo zingepungua vyovyote vile. Kilichofanywa na jiko ni kilo 1.9. Kwa kuwa bila jiko wangekuwa kwenye 8.3, akiba ni kama asilimia 23. Asiyekuwa na kundi la kulinganishia angeandika 30, na mwenye karatasi ya mtengenezaji ameshaandika 50.

Kaya ngapi? Ukitaka wastani wenye uhakika wa asilimia 90 na kosa lisilozidi asilimia 10 juu au chini, na matumizi yanatofautiana kati ya kaya kwa nusu ya wastani, unahitaji kaya 68. Zikitofautiana zaidi, kwa 0.6 ya wastani, zinafika 98. Na hizo ni kwa wastani wa kundi moja. Tofauti ya makundi mawili inadai zaidi. Usizichukue zote kwenye kitongoji kimoja kwa sababu barabara ni nzuri, maana majirani wanaokota kuni pori moja na kuigana upishi. Kaya 70 za kitongoji kimoja zinakuambia machache kuliko 70 za vitongoji saba.

Wengine hufunga vipima joto vidogo vinavyojirekodi, ili kujua jiko limewaka mara ngapi. Ni kazi nzuri, ila fungeni kimoja kwenye jiko jipya na kimoja kwenye mafiga, kwa sababu jiko jipya kutumika hakumaanishi la zamani limezimwa. Vile vya umbo la kitufe vingi vinaungua vikipita nyuzi 85, kwa hiyo viwekwe mguuni au pembeni mwa jiko, mbali na mlango wa kuni. Chenye nafasi ya kumbukumbu 2,048, kikisoma kila dakika 10, kinajaa kwa siku 14. Na Oktoba ya Tabora, jiko la bati lililoachwa uani linapata joto la jua linalofanana na la kupika uji. Weka kimoja kivulini na kimoja juani bila moto, upate kipimo cha kuchuja joto la jua.

Kwenye gesi hesabu inageuka. Mitungi ya kilo 6 yenye ruzuku inapogawiwa, usihesabu mitungi, hesabu ujazaji. Kilo 6 za gesi zina takriban megajuli 276, na jiko likifikisha nusu yake kwenye sufuria unapata 138. Kilo ya mkaa ina kama 29, na jiko la kawaida la mkaa linafikisha moja ya tano, kwa hiyo mtungi mmoja hauwezi kuondoa zaidi ya kilo 24 hivi za mkaa. Kwa mafiga yanayofikisha asilimia 10, ni kilo 86 hivi za kuni, yaani siku tisa na kidogo za ile nyumba yetu ya kilo 9.2. Mafiga ya mama mjuzi, yaliyokingwa upepo, yakifikisha 15, siku hizo zinashuka hadi sita na kidogo. Kaya inayojaza mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo, haijahama kuni. Inachemshia chai. Si vibaya, lakini iandikwe hivyo. Watenge pia waliokuwa na mtungi kabla ya ruzuku. Kwao fedha ya umma imenunua mtungi wa pili, na huenda kuni za kuokolewa hazikuwepo. Swali hilo liulizwe siku ya mgao, maana baadaye kila mtu atasema alikuwa hana.

Mkaa una mtego wake. Kwanza kipimo: "gunia" si uzito. Gunia la lumbesa na gunia la kawaida hutofautiana kwa makumi ya kilo, na kopo la rejareja hujazwa kwa mkono wa muuzaji. Pima, usiulize magunia mangapi. Pili, tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Nyumba ya kilo 9.2 za kuni ikihamia kwenye jiko zuri la mkaa na kutumia kilo 2 kwa siku, imehamia kwenye kilo 10 hadi 20 za mti. Jikoni moshi umepungua, porini shoka limeongezeka. Tena yule mama aliokota matawi makavu; mchoma mkaa anaangusha mti mbichi.

Hapo ndipo madai ya "miti iliyookolewa" na mikopo ya kaboni (hati zinazouzwa kwa hewa ya ukaa iliyopunguzwa) yanapoyumba. Kilo ya kuni iliyookolewa inahesabika kwenye kaboni kwa ile sehemu tu ambayo pori lisingeirudisha lenyewe, na sehemu hiyo ikikadiriwa juu, kila kitu kinavimba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa Januari 2024, ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa imejipa mikopo karibu mara 9 ya iliyostahili, kwa sababu ya makadirio hayo pamoja na yale ya matumizi ya majiko.

Na Tabora kuna mlaji mwingine wa miyombo, miti ya mapori ya huko, asiyepikia mtu: bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge hukausha tumbaku ya mvuke kwa kuni, usiku na mchana kwa siku kadhaa kila mjazo. Mradi wa mabani ya kisasa upimwe kwa kilo za kuni kwa kila kilo ya tumbaku kavu, si kwa bani, maana bani lililojazwa nusu hula karibu kuni zile zile. Kilo za tumbaku zipo kwenye stakabadhi za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Kuni ndizo zenye shida: zinaandikwa kwa mita za ujazo za mrundo, na mrundo una hewa nyingi, hasa wa matawi yaliyopinda. Pima kwa mzani sehemu ya mrundo, upate kilo kwa mita ya ujazo, kila msimu upya.

Turudi kwenye yale majiko 1,200. Kwa karatasi ya mtengenezaji, kilo 4.6 kwa siku (nusu ya zile 9.2) zinakuwa tani 2,015 kwa mwaka. Kwa kilo 1.9 zilizopimwa ni tani 832. Kabla ya kuandika hiyo 832, jiulize kilo 1.9 zilitoka kwa nani. Kama ni kwa waliopewa wote, wakiwemo walioligeuza jiko kiota cha kuku, basi wasiotumia wameshahesabiwa ndani, na kuzidisha tena na asilimia ya wanaotumia ni kuwakata mara mbili. Kama mliwapima wanaotumia tu, lazima mzidishe. Nimeona kosa hili likifanyika pande zote mbili, na kwa kawaida upande unaoipendeza ripoti.

Kisha rudini baada ya miezi kumi na miwili, na baada ya ishirini na minne, mkaguse majiko kwa mkono: linalotumika, lililopo lakini limelala, lisilokuwepo. Andika na sababu. Udongo wa ndani umepasuka. Bomba la moshi limeziba masizi. Mlango wa kuni ni mdogo na hakuna shoka la kupasulia. Hiyo ya mwisho huonekana jambo dogo, mpaka utazame kuni zilizosimama pembeni mwa jiko zikiwa nene kuliko mdomo wake.