Kumshtaki Rais bungeni: ushahidi mzito kiasi gani unatosha?

Mtu akisikia Rais ameshtakiwa bungeni hudhani keshaondoka. Sivyo. Donald Trump alishtakiwa mara mbili, 2019 na 2021, na Bill Clinton mara moja, 1998. Wote wawili Seneti iliwaachia. Kushtaki ni hatua moja, kuondoa ni nyingine, na katiba nyingi huzitenganisha makusudi ili anayeandika mashtaka asiwe ndiye anayetoa hukumu.

Nchini Marekani, Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura. Kisha Seneti huketi kama mahakama, Jaji Mkuu akiongoza, na bila theluthi mbili Rais haondoki. Ibara ya 145 ya Katiba ya Kenya inadai theluthi mbili mara mbili, kwanza Bunge la Taifa, halafu Seneti. Tanzania ina Bunge moja tu, kwa hiyo ibara ya 46A imeweka katikati kamati maalumu ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu, ambayo Rais hujitetea mbele yake kabla ya kura ya mwisho. Korea Kusini wao hawakuwaachia wanasiasa neno la mwisho: Bunge likishapitisha, Rais husimama kazi na Mahakama ya Katiba ndiyo inayoamua.

Hizo ni taratibu, na zimeandikwa. Kipimo cha ushahidi ndicho kizungumkuti. Kwenye jinai, kosa huthibitishwa bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwenye madai, hushinda mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake. Rais apimwe kwa lipi? Katiba ya Marekani iko kimya. Mwaka 1986, Seneti ya Marekani ilipokuwa ikimsikiliza Jaji Harry Claiborne, ambaye naye alikuwa ameshtakiwa bungeni, iliombwa itumie kipimo cha jinai. Maseneta 75 walikataa, 17 wakakubali. Kwa hiyo kila seneta huingia na mizani yake mfukoni.

Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya Gavana Martin Wambora, ilichagua katikati: juu ya kile cha madai, chini ya kile cha jinai. Ilihusu gavana, lakini hoja yake naiona inamfaa hata Rais. Anayeondolewa hapelekwi jela, anapoteza kazi; ila kazi yenyewe alipewa na wapiga kura, haiwezi kuchukuliwa kwa sababu tu mizani imeegemea kidogo upande mmoja.

Na hata kosa likithibitika, bado kuna swali la uzito wake. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini ilikubali kwamba Rais Roh Moo-hyun alivunja sheria ya kutoegemea upande katika uchaguzi, kisha ikasema kosa hilo halifikii kumng'oa. Akarudi ofisini. Mwaka 2017 majaji wote wanane wa mahakama hiyohiyo waliona makosa ya Rais Park Geun-hye yana uzito wa kutosha, wakamwondoa.

Pale ambapo kipimo hakikuandikwa, idadi ya kura ndiyo hugeuka mizani. Rais Andrew Johnson wa Marekani, mwaka 1868, alionekana na hatia na maseneta 35 dhidi ya 19. Zilihitajika 36. Alimaliza muhula wake Machi 1869.