Hofu, Uchovu na Sonona kwa Wanafunzi Waliokimbia Vita

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, shule za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali nchini Uganda zimepokea watoto wengi kutoka Kongo, na malalamiko kuhusu wanafunzi "wavivu" yanazidi kutufikia.

Hofu si ugonjwa. Mwili wa mtoto aliyesikia risasi hukaa macho ili umwokoe, na kwa kawaida hutulia hatari ikishapita. Usipotulia, usiku hupita bila usingizi na mchana masomo hayaingii kichwani. Naye akijikaza hivyo muhula mzima, pengine kwa lugha ngeni na katika darasa la chini kuliko aliloliacha kwao, huishiwa nguvu na kuyachukia masomo aliyoyapenda. Uchovu huo hupungua akipunguziwa mzigo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haiondoki kwa mapumziko: hata likizoni, hata mpirani, mtoto haoni raha, hujiona hana thamani, na hali hiyo hudumu wiki mbili au zaidi.

Mwalimu mlezi azungumze naye faraghani, kwa lugha anayoielewa, kisha yeye na mzazi wampeleke kituo cha afya. Huko anaweza kuulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Alama 10 au zaidi humtaka mhudumu afanye uchunguzi kamili, kwa kuwa maswali hayo peke yake hayathibitishi ugonjwa. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na likipata hata alama 1, mtoto asiachwe peke yake na aonwe siku hiyo hiyo.

Inasikitisha kwamba bado tunaelezwa kuwa fimbo humwamsha mtoto wa namna hii. Haimwamshi, humwongezea hofu ileile iliyomnyima usingizi. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni, na anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka 3, au kutozwa faini isiyozidi pointi 100 za sarafu, yaani shilingi milioni 2, kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, au kupewa adhabu zote mbili. Mwalimu anayemkuta mwanafunzi amesinzia amwulize kwanza usiku alilalaje, na aliandike jibu lake, kwa sababu mhudumu wa kituo cha afya atalihitaji.