Je, wajua kwa nini Subaru husukuma pua nje ya kona ilhali magurudumu yote manne yanavuta?

Wenye Impreza WRX, Legacy B4, Lancer Evolution na Audi A4 quattro hapa Mombasa wanaijua hali hii. Mvua ya masika imenyesha, lami imelowa, dereva anaingia kona kwa kasi kidogo, anakata usukani na kukanyaga mafuta akiamini kuvuta kwa magurudumu manne kutamtoa. Badala yake gari linaelekea ukingo wa nje, na kadiri anavyozidisha usukani ndivyo linavyozidi kwenda moja kwa moja.

Kuvuta kwa magurudumu yote kunasaidia gari kuondoka na kuongeza mwendo. Hakuongezi hata kidogo nguvu ya breki wala mshiko wa kukata kona. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani kulingana na uzito lililobeba, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kuvuta, kufunga breki na kupinda. Ni kama pesa ya kwenda sokoni Kongowea: uliyoimaliza kwenye samaki hainunui nazi. Kwa gari linalovuta nyuma pekee, matairi ya mbele yana kazi ya kupinda tu. Kwa haya yetu, ukikanyaga mafuta katikati ya kona, matairi ya mbele yanavuta na kupinda kwa pamoja, na kupinda ndiko kunakopungukiwa.

Uzito nao unachangia. Injini ya boksa ya Subaru imelala chini, na hilo ni jema, lakini imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Katika WRX karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele. Lancer Evolution haiko mbali na hapo, ingawa injini yake imewekwa kwa upana. Audi A4 za zamani, kabla ya toleo la B8, zina injini nzima iliyotangulia ekseli ya mbele, na ndizo zinazosukuma pua zaidi. Katika B8 Audi waliisogeza ekseli hiyo kwenda mbele kwa zaidi ya sentimita 15, na tofauti inasikika mikononi.

Magari haya hayagawi nguvu kwa namna moja. WRX ya gia za mkono hugawa 50 kwa 50 kwa difu ya kati (kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) yenye kaplingi ya mafuta ya silikoni, inayobana ekseli moja ikizunguka kuliko nyingine. WRX ya otomatiki ya kizazi cha 2000 hadi 2007 hupeleka 45 mbele na 55 nyuma, na STI, yaani WRX yenye nguvu zaidi, hupeleka nyuma zaidi na kumwachia dereva kuchagua difu ya kati ibane kiasi gani. Evo ndiyo yenye akili nyingi: kuanzia Evo VII ya mwaka 2001 difu ya kati inaongozwa na kompyuta, na nyuma ina mfumo wa AYC unaoongeza nguvu kwenye gurudumu la nje ya kona ili kulipindisha gari. Ndiyo maana Evo nzima inakata kona kuliko WRX ya umri huohuo. Neno la kushika ni "nzima". Katika Evo X pampu ya mfumo huo iko nyuma karibu na tao la gurudumu, mahali maji na uchafu vinaifikia, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu huila. Ukinunua Evo X, pandisha gari kwa jeki, itazame pampu, na hakikisha taa ya onyo haiwaki kwenye dashibodi. Legacy B4, kwa upande wake, ina masafa ya milimita 2,670 kati ya ekseli mbili dhidi ya 2,525 za Impreza. Haipindi kwa wepesi uleule, ila kwa safari ndefu ya barabara ya Nairobi imetulia zaidi.

Anzia kwenye matairi

Kabla ya kununua chochote cha kung'aa, hakikisha matairi yote manne ni ya kampuni moja, muundo mmoja, saizi moja na kuchakaa kumoja. Hapa ndipo watu wengi huharibu gari wakidhani wanaweka akiba. Subaru wanataka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo ya inchi, yaani kama milimita 6.4. Hiyo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha mitaro ya tairi.

Sasa chukua saizi ya 205/55R16. Tairi jipya lenye mitaro ya milimita 8 lina kipenyo cha karibu milimita 632. Lililobakiwa na milimita 3 limepungua kipenyo kwa milimita 10. Ukiweka mawili mapya na mawili ya namna hiyo, ekseli moja itazunguka karibu mara 8 zaidi ya nyingine kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita 480 hadi Nairobi hiyo ni mizunguko zaidi ya 3,700 ambayo difu ya kati imelazimika kuimeza bila kupumzika. Mafuta ya silikoni yanachemka, kaplingi inabana na kubaki imebana. Dalili yake ni rahisi kuijua: kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole mahali pa kuegesha. Gari likishtuka na kujivuta kana kwamba breki imeshika, difu imeanza kufa. Subaru nyingi za otomatiki za miaka hiyo zina kishikio cha fyuzi chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Ukifunga gurudumu dogo la akiba, chomeka fyuzi hapo ili nyuma kusivute, kisha iondoe ukirudisha tairi la kawaida.

Soma pia tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kwa joto la Pwani mpira hukauka upesi hata mitaro ikiwa bado mirefu, na tairi la zaidi ya miaka 6 halifai kwa gari la mwendo. Upepo upimwe alfajiri kabla gari halijapigwa na jua, kwa sababu kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban psi 1 hadi 1.5. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kPa: 230 ni sawa na psi 33.

Bushi, kisha alaimenti

Gari lililokaa miaka kumi na zaidi karibu na bahari lina bushi (mipira ya kwenye viungo vya mikono inayoshika magurudumu) zilizopasuka, na hakuna springi ya bei yoyote itakayoficha hilo. Kwenye Impreza tazama bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele na bushi za mikono mirefu ya nyuma. Kwenye A4 kuna mikono minne kila upande mbele, na viungo vyake huanza kugonga kimoja baada ya kingine. Kubadilisha seti nzima ni nafuu kuliko kumrudia fundi mara nne.

Kosa la gereji nyingi ni kukaza boliti za bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma chake. Ukiikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika baada ya miezi michache. Kaza kwa mkono kwanza, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze kabisa.

Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, huja baada ya hapo. Kwa Impreza inayoendeshwa kila siku, weka mlalo wa tairi wa mbele (juu yake ikiinamia ndani) nyuzi -1.2 hadi -1.5, nyuma karibu -1.0, na pua za matairi ya mbele ziende sambamba kabisa. Boliti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu ya mbele ya Impreza imeundwa kwa kurekebisha mlalo huo, lakini huku kwetu mara nyingi imeshika kutu. Ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na ikirudishwa ipakwe grisi.

Fimbo ya stabilaiza ya nyuma

Kwa pesa inayotumika, hakuna kifaa kinachobadilisha tabia ya magari haya kuliko fimbo ya stabilaiza nene zaidi nyuma, yaani fimbo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale kwenye kona. Tairi likiongezewa uzito mshiko wake huongezeka, lakini si kwa kiwango kilekile, hivyo sehemu ya gari iliyo ngumu zaidi, mbele au nyuma, hutwika tairi lake la nje uzito mwingi na kupoteza mshiko mapema. Ukikaza nyuma, unaipa mbele nafuu, na pua inarudi ndani ya kona.

Ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 17 hadi 20 ni karibu mara mbili, na kutoka 20 hadi 22 ni nyongeza ya asilimia 46. Ndiyo maana milimita 2 si jambo dogo. Kwa barabara za hapa, 20 zinatosha. Ukichukua 22 yenye matundu ya kurekebisha, anza na tundu la ulaini. Fimbo nene kupita kiasi na matairi yaliyochakaa, kwenye lami iliyolowa na mafuta ya malori kule Changamwe, ni mkia kutoka bila onyo. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007 badilisha pia vishikio vya fimbo, kwani vya awali hupasuka vikibebeshwa fimbo nzito.

Springi za kushusha gari ndizo ninazozipendekeza kwa shingo upande. Zaidi ya milimita 25 hivi, mkono wa chini wa Impreza unaanza kuinamia upande usiofaa, na gari linalala zaidi kwenye kona hata kama springi ni ngumu. Shokapu nayo inagonga mwisho wake kwenye kila tuta. Ukitaka kushusha, nunua shokapu na springi zilizoundwa pamoja. Na kama STI yako inagonga mbele kwenye barabara ya kabro, usikimbilie kununua shokapu mpya: nyingi ni za kupinduliwa, yaani zimefungwa juu chini, na mlio huo huisha zikifunguliwa na kupakwa grisi upya.

Rimu

WRX na Legacy za kabla ya 2014 zina PCD (idadi ya nati na kipenyo cha duara lake kwa milimita) ya 5x100 na tundu la katikati la milimita 56.1. STI za kuanzia toleo la 2005 ni 5x114.3. Evo ni 5x114.3 na tundu la 67.1, na A4 ni 5x112. Kulazimisha rimu ya 5x112 kwenye 5x114.3 kwa sababu "nati zinaingia" ni kuhatarisha maisha, kwa sababu nati hazikai sawasawa na zitalegea. Rimu ya Evo inaweza kuingia kwenye STI, lakini weka ringi ya kuziba nafasi ya katikati. Angalia pia ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya uso wa kufungia rimu na katikati ya upana wake: Evo ni +38 na STI ni +53, hivyo gurudumu linatoka nje milimita 15 zaidi. Madigadi yatagusa, bearingi zitachoka mapema, na usukani utaanza kunyang'anyana nawe kwenye mifereji iliyochimbwa na malori.

Kwa Mombasa inchi 17 ndiyo saizi ya busara, na STI yenye breki za Brembo haikubali ndogo zaidi ya hiyo. Ukuta wa tairi la 205/55R16 una milimita 113, wa 215/45R17 una 97, na wa 225/40R18 umebaki na 90. Kila milimita inayopungua ni kinga uliyoiondoa kati ya shimo na rimu. Rimu ya aloi iliyopasuka ukingo wa ndani isichomelewe. Itupe.

Nati za Subaru ni M12x1.25. Zikaze kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya kupimia hadi nyutonimita 100, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.