Kosa la Kiwandani au Uharibifu? Namna Ninavyoichunguza Sarafu ya Ajabu

Karibu kila anayeniletea sarafu kwa uchunguzi huanza kwa kusema kwamba hajawahi kuona nyingine kama hiyo. Namwamini, lakini upekee peke yake hauthibitishi chochote, kwani hata sarafu iliyopitiwa na magurudumu ya treni haina pacha wake. Ninachotafuta ni wakati. Jambo lililotokea kabla sarafu haijatoka kwenye mtambo ni kosa la kiwandani, na wakusanyaji huenda wakaligombania. Lililotokea baadaye ni uharibifu, hata likipendeza macho namna gani.

Swali hilo halijibiki bila kujua sarafu inavyozaliwa. Bamba la metali hukatwa visahani vitupu, visahani hivyo hupitishwa kwenye mashine inayovibana pembeni ili kuinua ukingo, kisha kila kimoja huwekwa ndani ya pete ya chuma na kugongwa na mihuri miwili, mmoja juu na mwingine chini, kwa nguvu ya makumi ya tani. Kwa kitambo hicho kifupi metali hutiririka na kujaza kila shimo la muhuri. Kosa la kweli huwa na hatua yake katika mlolongo huu, na nisipoweza kuitaja hatua hiyo, huanza kushuku.

Tazama, kwa mfano, mstari unaokatiza uso wa mfalme au nembo ya taifa. Ukiwa umechimbika, huku kandokando yake kuna vituta vya metali iliyosukumwa, huo ni mkwaruzo. Ufa wa muhuri hufanya kinyume chake: metali huingia ndani ya ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa pembeni, mahali pake huota uvimbe usio na maandishi, na upande wa pili, sehemu iliyo sambamba na uvimbe huo, alama hufifia kwa sababu metali haikukutana na kitu cha kuisukuma. Uvimbe unaopatikana upande mmoja tu, huku upande wa pili ukiwa na alama kali, hunitia mashaka.

Sarafu iliyomegwa pembeni huniburudisha zaidi. Bamba lisiposogezwa vya kutosha, mkato mpya huangukia kwenye tundu la mkato uliotangulia, na kisahani hutoka kikiwa kimepungua kwa umbo la upinde. Kisahani kama hicho kinapobanwa pembeni, upande unaokabili pengo hukosa mgandamizo, kwa hiyo ukingo wa sarafu mkabala na pengo huwa dhaifu au hukosekana. Wakusanyaji huiita hali hii athari ya Blakesley. Aliyekata sarafu kwa msumeno au tupa hawezi kuileta, kwa sababu ukingo ulikwisha kuinuliwa zamani. Hata hivyo, athari hii haionekani kila mara. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuikataa sarafu halali kwa kukosa dalili hiyo moja, bila kuangalia jinsi herufi zilizo karibu na pengo zilivyotanuka na kufifia kuelekea kwenye mkato, jambo ambalo msumeno hauwezi kulifanya.

Hakuna eneo lenye ugomvi kama maandishi yanayoonekana mara mbili. Senti ya Marekani ya mwaka 1955 ndiyo mfano maarufu kuliko yote: muhuri wenyewe ulichorwa zaidi ya mara moja, na mchoro mmoja ukageuka kidogo, hivyo kila senti iliyotoka kwenye muhuri huo ina tarehe na maneno mawili mawili, yote yakiwa yamejaa na kuviringika vizuri, huku pembe za herufi zikiwa na vipengo vidogo. Muhuri uliolegea ukiteleza mara tu baada ya kupiga huleta kitu tofauti, yaani ngazi bapa inayong'aa kandokando ya herufi, ambayo haiongezi unene wa herufi bali huupunguza. Mtelezo huo hutokea ndani ya mtambo, lakini wakusanyaji wengi hawaulipii ziada. Kuna pia muhuri uliochakaa, unaotoa kivuli hafifu kuzunguka tarehe. Katika mwaka huo huo wa 1955 zilitoka senti za namna hiyo, na hadi leo kuna wanaouziwa kivuli wakidhani wamepata lulu.

Alama zilizogeuzwa kama kwenye kioo nazo hudanganya wengi. Sarafu iliyopigwa ikinasa kwenye muhuri, hugeuka yenyewe kuwa muhuri na kuacha picha iliyodidimia na kugeuka kwenye kisahani kinachofuata. Picha kama hiyo huweza kutengenezwa kwa kubana sarafu mbili kwenye jiliwa, ila hapo mchoro wa awali hubaki chini yake ukiwa umepondeka, na uso wa pili nao huwa umebapa. Sarafu iliyozunguka muda mrefu ndani ya mashine ya kukaushia nguo huwa na ukingo uliokunjika kuelekea ndani, na hiyo haihitaji mjadala.

Palipo na shaka, huanza na mizani. Mwaka 1943 senti za Marekani zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini chache sana zilipigwa kwa bahati mbaya kwenye visahani vya shaba. Senti halali ya shaba ina takriban gramu 3.11 na hainaswi na sumaku. Ya chuma iliyopakwa shaba ina takriban gramu 2.7 na hunaswa mara moja. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948 na kuichonga 8 mpaka iwe 3, na hapo mizani na sumaku haziwezi kukusaidia: itakubidi ukae na lenzi na kulinganisha umbo la tarakimu.

Kwa hiyo anayetaka maoni yangu kwa picha namwomba nyuso zote mbili, ukingo, na uzito hadi sehemu ya mia ya gramu. Picha ya upande mmoja, iliyopigwa usiku kwa taa ya simu, huirudisha bila jibu.